Diski inayolalamika kila mara: okoa kazi zako kwanza, kisha mtafute mhalifu

Na Mwandishi Wetu, Moshi

WAMILIKI wengi wa kompyuta za nyumbani mjini Moshi na katika vijiji vya miteremko ya Mlima Kilimanjaro wanaifahamu hali hii. Kompyuta inaganda ghafla, kioo kinageuka bluu chenye maandishi meupe, mashine inajizima na kujiwasha yenyewe, kisha kabla ya kufungua Windows inaanza kukagua diski kwa asilimia zinazosogea polepole. Mwenye kompyuta husubiri, ukaguzi humalizika, kazi huendelea. Baada ya siku nne au wiki mbili, mambo hurudia yale yale.

Kosa la diski likitokea mara moja tu, baada ya umeme kukatika, linaweza kuwa ajali ya kawaida ambayo ukaguzi huo huitengeneza na habari ikaishia hapo. Likirudi mara ya pili na ya tatu, ukaguzi hautibu tena bali unafuta dalili, huku chanzo kikiendelea na kazi yake. Chanzo hicho kinaweza kuwa diski yenyewe, lakini vile vile kinaweza kuwa waya wa shilingi elfu chache, kumbukumbu ya RAM, pawa saplai iliyochoka au umeme unaoingia nyumbani. Anayekimbilia kununua diski mpya kabla ya kujua ni kipi kati ya hivyo, huenda akajikuta na diski mpya yenye makosa yale yale.

Na ndani ya kompyuta hizo hamna nyimbo na michezo pekee. Mna hesabu za vyama vya msingi vya ushirika vinavyokusanya kahawa, alama za wanafunzi wa shule za sekondari ambazo mkoa huu unazo kwa wingi, tasnifu za wanachuo wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, orodha za wageni na wapagazi wa mlimani, picha za harusi na za misiba, pamoja na nakala za hati za vihamba ambazo asili yake pengine imekwisha kuliwa na mchwa. Diski hununuliwa dukani. Vitu hivyo havinunuliki.

Nakili kabla ya kutengeneza

Hatua ya kwanza, kwa hiyo, ni kunakili. Ushauri huu ndio unaorukwa kuliko wowote, kwa sababu kompyuta iliyokwisha kuwaka tena humpa mwenyewe matumaini kwamba imepona. Mwaka 2007 watafiti watatu wa kampuni ya Google, Eduardo Pinheiro, Wolf-Dietrich Weber na Luiz André Barroso, walichapisha matokeo ya kufuatilia diski zaidi ya 100,000 zilizokuwa zikitumika katika mitambo ya kampuni hiyo. Walibaini kwamba diski ikishaonyesha kosa lake la kwanza wakati uso wake unapokaguliwa, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 zinazofuata huwa mara 39 zaidi ya ule wa diski isiyo na kosa kama hilo. Jambo la pili walilolibaini linatia hofu zaidi: asilimia 36 ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa onyo lolote kwenye vipimo vyake vya ndani, ukiondoa kipimo cha joto. Anayesubiri onyo ndipo anakili anacheza bahati nasibu.

Anza na kile kisichoweza kupatikana tena: nyaraka, hesabu, picha, barua pepe zilizohifadhiwa ndani ya mashine. Filamu na programu ziache mwisho, au ziache kabisa. Nakala moja iwekwe kwenye diski ya nje au flashi, na nyingine iwekwe nje ya nyumba, kwa ndugu au kwenye hifadhi ya intaneti, kwani mwizi na radi havichagui kati ya kompyuta na diski ya nje iliyolala kando yake. Mwenye bando dogo apandishe nyaraka kwanza, kwa kuwa hesabu za mwaka mzima za chama huweza kuwa na ukubwa usiozidi picha chache za simu.

Kompyuta isiyoweza kabisa kufungua Windows bado inaweza kunakiliwa. Mfumo wa Linux, kwa mfano Ubuntu, huweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote ndani ya diski, na mafaili yakaonekana na kunakiliwa kama kawaida. Wasomaji wa siku nyingi watakumbuka kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi wa KiLinux, uliotoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, mwaka 2004. Mradi ule haukuenea majumbani kama ilivyotarajiwa, lakini mfumo wenyewe wa Linux umebaki kuwa zana bora ya uokoaji, tena ya bure.

Diski inayotoa sauti ya kugonga, tik, tik, tik, au ya kukwaruza ni jambo jingine. Hiyo izimwe papo hapo. Kila dakika inayozidi kuzunguka, kichwa kilichoharibika huweza kuendelea kukwangua uso uliobeba kazi zako. Kuna wanaoshauri diski ya namna hiyo iwekwe kwenye friza usiku kucha. Asubuhi yake hewa yenye unyevu huganda na kuwa matone ya maji juu ya chuma baridi, na kilichokuwa kigumu kwa mtaalamu huwa hakiwezekani tena.

Jingine la kujihadhari nalo ni amri ya chkdsk, ile ile inayojiendesha kompyuta inapowaka. Kazi yake ni kurudisha mpangilio wa mafaili uwe halali, si kurudisha mafaili yako. Ikikuta kipande cha faili kisicho na mwenyewe, hukikata na kukitupa katika folda iliyofichwa iitwayo found.000, kikiwa na jina la namba lisilomwambia mtu chochote. Ikiendeshwa kwa alama ya /r husoma diski nzima sehemu kwa sehemu, kazi ya saa nyingi ambayo diski iliyo mahututi inaweza isiimalize. Ni zana nzuri, ila huja baada ya kunakili. Unapoona hesabu ya sekunde kabla ya ukaguzi kuanza, kubonyeza kitufe chochote huuahirisha.

Kusoma ushahidi

Nakala zikiwa salama, uchunguzi unaweza kuanza, nao hauhitaji bisibisi kwanza. Windows huandika kumbukumbu ya kila tukio baya. Andika Event Viewer kwenye sehemu ya kutafutia, fungua Windows Logs, kisha System. Watu wengi hawajawahi kuifungua kumbukumbu hiyo ilhali ndiye shahidi mzuri kuliko wote, kwa sababu kila kosa lina tarehe, saa na namba yake.

Namba 7 yenye chanzo kiitwacho disk humaanisha kwamba diski imeshindwa kusoma sehemu yake iliyoharibika. Namba 55 ya Ntfs husema kwamba mpangilio wa mafaili umevurugika, bila kumtaja aliyeuvuruga. Namba 11 na 153 huelekeza kwenye mazungumzo kati ya diski na ubao mama, ambao mafundi huuita mazabodi. Huko mshukiwa wa kwanza huwa waya. Namba 41 ya Kernel-Power huandikwa kompyuta inapowaka baada ya kuzimika bila kufungwa.

Chukua karatasi, andika makosa ya wiki mbili au tatu na saa zake, kisha kando ya kila moja andika kilichokuwa kikitokea: umeme ulikatika, mvua ilikuwa ikinyesha, jirani alikuwa akichomelea vyuma, pasi ilikuwa imewashwa, mashine ilikuwa imehamishwa. Namba 41 zikitangulia na namba 55 zikifuata, mshukiwa ni umeme. Namba 7 zikijitokeza mchana na usiku wakati umeme umetulia, mshukiwa ni diski. Makosa yenye majina tofauti kila mara, leo hili na kesho lile, pamoja na mafaili yaliyobanwa yanayokataa kufunguka, humwelekezea kidole RAM.

Shahidi wa pili yumo ndani ya diski yenyewe. Diski zote za miaka ya karibuni hujipima kwa utaratibu uitwao SMART, na programu ya bure ya CrystalDiskInfo huonyesha vipimo hivyo katika Windows. Kwa diski ya kuzunguka, mistari minne inatosha. Mstari wa 05 huhesabu sehemu mbovu ambazo diski imekwisha kuziacha na kutumia za akiba. C5 ni sehemu zinazosubiri hukumu kwa sababu hazikusomeka, na C6 ni zile zilizoshindikana. C7 huhesabu makosa ya njiani, baina ya diski na ubao mama. Programu hiyo huandika hesabu kwa mtindo wa heksadesimali usipoibadilisha, hivyo 0A ni kumi na 10 ni kumi na sita.

Linalohitaji kuangaliwa ni mwendo wa namba zaidi ya namba yenyewe. Diski yenye sehemu mbovu nane zilizobaki nane kwa mwaka mzima inaweza kutumika kwa kazi ndogo. Diski iliyokuwa na nane Jumatatu na ikawa na arobaini Ijumaa inakufa, na hakuna programu ya kuiponya. C7 ikipanda wakati 05, C5 na C6 zimetulia kwenye sifuri, usinunue diski. Badilisha waya wa SATA au uusogeze kwenye tundu jingine la ubao mama, kisha uangalie kama C7 imesimama. Hesabu hiyo hairudi nyuma, kwa hiyo dalili ya kupona ni kutopanda tena.

RAM hupimwa kwa programu iliyomo ndani ya Windows yenyewe, Windows Memory Diagnostic, au kwa MemTest86 inayowashwa kutoka kwenye flashi na kuachwa usiku kucha. Kosa moja tu katika kipimo hicho ni kosa tosha. Kabla ya kununua nyingine, zima mashine, chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini, toa RAM na usafishe meno yake ya shaba kwa raba ya penseli, kama mafundi wafanyavyo. Katika hali ya hewa yenye unyevu ya vijiji vya juu, kutu nyembamba isiyoonekana ni jambo la kawaida. Mashine zenye RAM mbili zijaribiwe kwa moja moja.

Virusi navyo hutajwa sana. Ni kweli virusi vya flashi vimeharibu mafaili ya watu wengi na kuzifanya kompyuta ziwe nzito, na vyafaa kusafishwa. Lakini virusi havizalishi sehemu mbovu kwenye uso wa diski. C5 inayopanda haitibiwi kwa kuweka programu ya kinga, wala kwa kupiga Windows upya, dawa ambayo mafundi wengine huitoa kwa kila ugonjwa.

Umeme wa Kaskazini

Kwa kompyuta za mezani za mkoa huu, mshukiwa anayestahili kuchunguzwa mapema kuliko wote ni umeme. Wakazi wa Kilimanjaro wanakumbuka mgawo wa mwaka 2006, wa mwaka 2011 na ule ulioanza mwaka 2023 na kuendelea hadi mwanzoni mwa 2024. Tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ilipoanza kuzalisha Februari 2024, na hatimaye kufikia uwezo wa megawati 2,115, tatizo la uhaba limepungua sana. Hata hivyo, umeme mwingi kuzalishwa Rufiji si sawa na umeme imara kufika Kirua au Mashati. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa ziarani mkoani Kilimanjaro, alieleza mpango wa Serikali wa kununua umeme kutoka Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya Kaskazini, akitaja upotevu unaotokea umeme unaposafirishwa umbali mrefu kuufikia ukanda huu. Kisha, baada ya kituo cha Kiyungi, kuna nyaya za vijijini zinazopanda milima kupita juu ya migomba na chini ya matawi ya miti, ambayo katika masika huziangukia.

Umeme unaokatika kabisa si lazima uwe mbaya kuliko wote. Unaoumiza zaidi ni ule unaopungua na kurudi, taa ikififia kwa nusu sekunde. Pawa saplai ya kompyuta ya mezani hubuniwa kustahimili kukosa umeme kwa milisekunde 17 hivi tu ikiwa na mzigo wake wote, yaani muda usiofikia hata sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Ukizidi hapo, diski iliyokuwa katikati ya kuandika hukatishwa sentensi. Windows hutunza daftari la hatua inazokusudia kuchukua ili iweze kurekebisha hali hiyo baadaye, na kwa kawaida hufaulu. Lakini mashine inayokatishwa mara tatu kwa siku kwa miezi mingi, siku moja itakatishwa mahali pabaya.

Geuza kasha nyuma uangalie pawa saplai. Yenye maandishi ya volti 100 hadi 240 huvumilia umeme unaoshuka vizuri zaidi kuliko ile ya zamani yenye swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230. Swichi hiyo isiguswe kamwe. Ikipelekwa upande wa 115 wakati umeme wetu ni wa volti 230, mlipuko wake husikika chumba cha pili. Mashine zilizotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina maradhi yake pia: zilipata kapasita mbovu zilizosambaa duniani kote wakati huo. Kapasita iliyovimba kichwa au kuvuja maji ya kahawia, iwe kwenye ubao mama au ndani ya pawa saplai, inatosha kueleza kompyuta inayozimika bila sababu. Ndani ya pawa saplai asifungue asiye fundi, kwani hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa.

Wanunuzi wengi huchanganya stabilaiza na UPS. Stabilaiza hupandisha au kushusha volti zinazoyumba, lakini umeme ukikatika nayo hukata. UPS ina betri, na zile zenye kirekebisha volti ndani yake hufanya kazi zote mbili. UPS ndogo ya VA 650 haikusudiwi kukuendeleza na kazi. Inakupa dakika chache za kuhifadhi na kufunga mashine. Printa ya leza isichomekwe humo, kwa kuwa huvuta umeme mwingi kwa mkupuo. Betri ya ndani hudumu miaka mitatu hadi mitano, na joto huipunguzia umri. Nyumba nyingi zina UPS zilizobaki kuwa masanduku mazito ya kupitishia waya, betri zake zikiwa zimekufa zamani. Njia ya kuijua ni moja: funga nyaraka zote, chomoa UPS ukutani, na uone kama kompyuta itabaki imewaka.

Kompyuta mpakato ina betri yake, na hiyo ni kinga kubwa. Lakini mpakato zilizotumika Ulaya na kuletwa nchini mara nyingi hufika betri zikiwa hoi, na mwenyewe huitumia ikiwa imechomekwa muda wote. Mpakato wa aina hiyo uko hatarini sawasawa na kompyuta ya mezani isiyo na UPS.

Radi haizuiwi na UPS. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, na wakati wa vuli, wingu likifunga chomoa waya wa umeme pamoja na waya wa modemu au antena, maana radi hupenda kuingia kwa mlango uliosahauliwa. Jenereta ndogo ya petroli nayo iachwe ikimbie dakika kadhaa na kutulia kabla kompyuta haijachomekwa, na isiendeshwe hadi mafuta yakaisha, kwa sababu katika dakika zake za mwisho umeme wake huyumba vibaya.

Vumbi, baridi na mwinuko

Mji wa Moshi uko mita 800 hadi 900 juu ya usawa wa bahari, na katika Januari na Februari joto lake linafahamika. Vumbi la barabara, na upande wa kusini majivu ya mashamba ya miwa yanayochomwa kabla ya kuvunwa, hujaza feni na mapezi ya kupozea. Diski nyingi hupewa kikomo cha nyuzijoto 60 hivi. Inayokaa juu ya 50 kila siku inafaa kuhurumiwa. Piga hewa ndani ya kasha kila baada ya miezi michache, nje ya nyumba, ukiizuia feni isizunguke kwa kidole. Mjusi kafiri na sisimizi hupenda pawa saplai kwa uvuguvugu wake, na mayai ya mjusi yamekwisha kukutwa humo.

Huku juu, Marangu, Machame na Kibosho, adui si joto. Mwezi Julai kompyuta iliyolala kwenye chumba cha baridi, kisha ikaletwa karibu na jiko asubuhi, hutokwa na jasho ndani kama chupa ya soda. Iachwe saa moja au mbili ndipo iwashwe. Moshi wa kuni nao huacha utando wa mafuta unaogandisha vumbi mahali lisipoweza kupulizwa.

Kisha lipo swali ambalo pengine huulizwa katika mji huu kuliko mingine: je, mwinuko unaharibu diski? Kichwa cha kusomea hakigusi sahani inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Huelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache, kikibebwa na mto wa hewa. Hewa ikiwa nyepesi, mto huo hudhoofika, na ndiyo maana watengenezaji wengi huweka kikomo cha mita 3,048 wakati diski inafanya kazi. Nyumba yoyote ya mteremkoni iko chini kabisa ya kikomo hicho. Hata Lango la Marangu halifiki mita 1,900. Kibanda cha Mandara, mita 2,700, bado ni salama. Horombo, mita 3,700, na Kibo, mita 4,700, zimevuka. Waongoza watalii na watafiti wanaobeba kompyuta mpakato mlimani wahakikishe zina diski za SSD, ambazo hazina kichwa wala sahani, au waziache zimezimwa. Diski iliyozimwa haidhuriki kwa kupandishwa.

Kununua bila kulia tena

Ushahidi ukiihukumu diski, kwa kompyuta nyingi za nyumbani mbadala unaofaa leo ni SSD ya SATA ya inchi 2.5, ambayo huingia hata kwenye mashine za zaidi ya miaka kumi na kuzipa wepesi unaoonekana mara moja. Isidhaniwe kuwa haifi. Hufa bila kugonga wala kukwaruza, mara nyingine kwa siku moja, na kukatika kwa umeme huidhuru nayo. Hivyo nakala na UPS havistaafu.

Sokoni kuna flashi na SSD za bandia zinazojitangaza kuwa na ukubwa zisio nao. Hupokea mafaili yote bila ubishi, kisha yakifunguliwa nusu yake ni takataka. Programu ya bure ya H2testw huijaza diski na kuisoma tena, na hivyo kuufichua uongo huo. Ifanye kabla muda wa kurudisha bidhaa haujapita. Diski iliyotumika iulizwe umri wake: mstari wa 09 wa SMART huonyesha saa ilizowashwa, na saa 8,760 ni mwaka mzima bila kupumzika.

Fundi anayepokea mashine apewe ile karatasi ya makosa, namba na saa zake, aambiwe kwa maandishi kwamba asifute chochote bila idhini, na aulizwe atachukua hatua gani ya kwanza. Akijibu kwamba atapiga Windows upya, mtafute mwingine. Windows kuukuu ni suala la pembeni lakini la kweli: Microsoft ilisitisha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zilizotumika hazikidhi masharti ya Windows 11, hivyo anayebadilisha diski sasa ana nafasi ya kuamua mapema kama atahamia Linux.

Shule, zahanati na vyama vya ushirika vina jambo la ziada. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde, na diski mbovu bado inazo. Kufuta mafaili hakutoshi, wala kuitupa jalalani. Diski ya kuzunguka itobolewe kwa drili kupita kwenye sahani, mahali pawili au patatu. Ya SSD ifunguliwe, na kila chipu nyeusi iliyo ndani ivunjwe peke yake, kwani nyundo inayopasua kasha la nje huweza kuziacha zote zikiwa nzima.